Siku Nilipotangaza Waombolezaji Elfu Nne

Sipendi kusimulia jambo hili, na mke wangu Nafula hapendi hata kulisikia, lakini kwa kuwa kule kwao Bungoma wanalisimulia kwa kuongeza chumvi, afadhali mlipate kwangu mimi niliyelifanya.

Mama mkwe wangu aliishi Mabanga, hukohuko Bungoma, mimi naishi Kitale. Wiki moja kabla ya kufa aliniita, nikakaa karibu na mlango (kwao mkwe hamsogelei mama mkwe), naye akasema akiangalia ukuta: "Kamau, mkinizika wasije watu wasionijua. Wewe unajua kuhesabu. Hesabu."

Nikamwahidi.

Shule niliishia kidato cha pili, ila nilisoma kozi ya miezi mitatu ya kuandika programu za kompyuta, na nilikuwa nimetengeneza moja ya kuhesabu wageni wa sherehe za kanisa. Ndani yake kuna funksheni, yaani kipande kinachopokea vitu, kinavifanyia kazi, kisha kinarudisha jibu, na mwalimu alitusisitizia tukiwekee walinzi wawili, wa kuingia na wa kutoka, wa kukagua, kila programu inapoendeshwa, kama kinachoingia ni namba au maandishi, na jibu linalotoka ni la aina gani. Wenzangu waliona huo ni usumbufu. Mimi nilielewa haraka kwa sababu ya mama mkwe huyohuyo, aliyeuza maharagwe Lwakhakha, na pale mpakani mwa Uganda gunia lake lilifunguliwa akienda na likafunguliwa akirudi, na hakununa hata siku moja.

Sasa ikafika Alhamisi ya matanga. Kutoka Kitale tulikuwa watu 40, na shemeji yangu Wekesa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akanitumia ujumbe kwamba upande wao ni 35. Nikaingiza ujumbe wangu wa 40, kisha wake wa 35, kwenye programu, na mlinzi wa kuingia akakataa: "Nimeitisha namba, umeniletea maandishi." (Maneno hayo niliyaandika mwenyewe siku moja nikiwa na raha zangu.) Alikuwa na haki, maana kinachokuja kwa ujumbe wa simu, hata kikiwa 40, kwa kompyuta ni maandishi mpaka ukigeuze. Lakini nilikuwa nimelia tangu asubuhi, macho yamevimba, na aliponikatalia mara ya tatu nikajiambia, si arobaini ni arobaini tu, bana, nikamfuta mlinzi wa kuingia, na kwa hasira nikamfuta na wa kutoka.

Programu ikateleza kama uji. Ikapiga hesabu, ikatuma jumbe yenyewe kwa Wekesa, kwa mama wa jikoni na kwa mwenye tenti, nami nikaenda kunyolewa bila kusoma kitu.

Niwaambie kilichotokea. Namba mbili ukizijumlisha unapata jumla, lakini maandishi mawili ukiyajumlisha kompyuta inayabandika tu, moja nyuma ya lingine. Arobaini na thelathini na tano. Jumbe zilisema: "Jiandaeni kwa waombolezaji 4035."

Mtauliza mbona hakuna aliyenipigia simu. Nafula alikuwa ametangulia Mabanga, akakaa na wanawake wanaolia, hakuambiwa. Na wengine wangeulizaje? Mkwe akisema analeta watu, kumuuliza "una hakika?" ni kumwita mwongo, na ile nyumba haijawahi kumwita mkwe mwongo. Kwa hiyo wakanyamaza, wakajiandaa kwa heshima.

Jumamosi tulifika na basi letu moja. Nikaona tenti zimeanzia barabarani, zimemeza mahindi ya jirani, zimeingia uwanja wa shule. Sufuria zilikuwa zimeazimwa mpaka Matulo, na wanaume wanne walikuwa wanasonga ugali kwa majembe mapya. Nilidhani tumekosea boma. Kumbe habari ya watu elfu nne ilikuwa imetembea, maana pembeni kulikuwa na mheshimiwa mmoja anayetafuta kura, na spika zake, na malori mawili ya vijana waliovaa picha ya uso wake.

Wekesa akaja akichungulia nyuma ya basi. "Mkwe, karibu. Pole na safari. Sasa hawa ni arobaini."

"Ni arobaini, shemeji."

"Sawa, sawa. Na zile elfu nne zingine ziko wapi, zimekwama Webuye?"

Akanionyesha simu. Nilisoma ile namba, nikaisoma tena, nikafungua vifungo vya koti la kuazima. Mheshimiwa alikuwa tayari ameshika maiki, anamwita marehemu "mama yetu Agneta". Jina lake lilikuwa Anna. Ndipo nikakumbuka ukuta ule mama mkwe aliokuwa akiuangalia aliponiambia nihesabu.

Nikaenda nikaomba maiki. Mkwe haongei mbele ya wakwe hivyo, najua. Nikasema: "Naitwa Kamau, mimi ndiye mkwe. Hakuna watu elfu nne. Nilimfuta mlinzi kwenye programu, hesabu ikabandikana. Tuko sabini na tano. Nisameheni."

Mheshimiwa akamnong'oneza msaidizi wake, akaangalia saa, akakumbuka ana mazishi mengine, na baada ya dakika chache spika, malori na vijana wote walikuwa vumbi tu.

Shangazi yake Nafula, bibi kizee mwenye fimbo, akatuhesabu mmoja mmoja kwa kidole, kisha akasema, "Hawa nawajua wote. Leteni jeneza."

Tukamzika hivyo, watu sabini na tano chini ya tenti za watu elfu nne, na tukila ugali ule tulikuwa tunalia na kucheka kwa zamu. Shule jirani ililetewa chakula mpaka watoto wakachoka ugali, wakaomba githeri ya mahindi na maharagwe.

Walinzi nimewarudisha, wa kuingia na wa kutoka, na sitawafuta tena hata nikiwa na kilio gani. Ila kule Mabanga heshima yangu ya kutoulizwa ilizikwa siku ile. Nikisema tu tunakuja Krismasi watu watano, Wekesa ananijibu polepole, "Mkwe, hiyo tano ni namba ama ni maandishi?"

Nami namjibu, kila mara, baada ya kuhesabu upya.