Kuku wa mugongo wangu

Wandugu, leo mugongo wangu umeliwa pamoja na wali.

Munajua magunia ya mupunga yaliniangusha pale gare, nikipakua treni.
Mwezi uliopita nikavuka muto hadi Alunguli, kwa Mama Zaina anayenyoosha mifupa. Mara yangu ya kwanza.
Akaniminya, mifupa ikalia kama kuni kavu.
Kisha akavunja muguu wa kuku niliyekuja naye, akaufunga na vijiti.
"Baba, umuchunge. Siku atatembea, na wewe utatembea."

Leo asubuhi kuku akatembea.
Na miye nikatembea, polepole, hadi kwa jirani.

Narudi, shemeji yangu amefika kutoka Kampene. Mbele yake sahani ya wali na kuku.

Nikamwangalia bibi yangu, Mama Asha.
"Baba Asha, si umetembea? Nikaona kazi ya kuku imeisha. Na mugeni hawezi kula majani ya sombe tupu."

Nikataka kujibu, mugongo ukanikamata palepale. Wakanibeba hadi kitandani.

Kesho iko salongo, kazi ya lazima ya watu wote, kulima barabara. Chefu wa mtaa haulizi mugongo.

Wameniwekea paja la ule muguu. Nyinyi mungelikula?

Miye nimekula.
Pale mufupa ulipovunjwa, ulikuwa umeshaanza kushikana.