Tangazo Lililomzika Mwenyekiti Angali Hai

Saa moja asubuhi, mtaa wa Kolfe, Addis Ababa, Lemlem Gebeyehu anasogeza kikombe cha kahawa mbali na kompyuta na kukagua tarehe kwa mara ya nne. Nyuma yake, kwenye benchi la ofisi ya chama cha kuzikana, wamekaa wazee sita. Leo tovuti yao inarushwa tena hewani. Ikiharibika, kazi hana, na chama kinarudi kwa mpiga tarumbeta anayetangaza misiba mitaani.

"Umehakikisha, mwanangu?" anauliza mwenyekiti mwenye miaka 73, Tesemma, ambaye wote humwita Gashe, jina la heshima kwa mzee.

"Nimehakikisha, Gashe."

"Maana mimi kufa mara ya pili siwezi."

Benchi zima linacheka. Lemlem hacheki.

Lemlem, 34, hutengeneza tovuti kwa programu huria: hailipiwi leseni, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Tovuti moja humpatia birr 30,000 na kumchukua wiki tatu, mtandao ukiwa na adabu. Ila hii aliitamani kuliko zote, kwa sababu chama hiki ndicho kilichomzika mama yake.

"Walileta hema, masufuria na mabenchi, wakakaa nami siku tatu," anasema. "Nilitaka na mimi niwafanyie kitu."

Mwezi uliopita alikuwa akimfundisha katibu kuandaa tangazo la msiba. Likahitajika jina la mfano. "Weka langu," Gashe akatania. Lemlem akaliweka, akapanga litoke baada ya miezi mitatu, akijua atalifuta mapema. Mwaka akaandika 2018, kama anavyouandika kila siku, maana kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya ile ya kizungu kwa miaka saba hivi.

Hapo ndipo alipojiponza. Programu huhesabu kwa kalenda ya kizungu, ambako 2018 ulishapita zamani. Ikaona tangazo limechelewa, ikalitoa papo hapo. Ujumbe ukaingia kwenye simu za familia zote 214 za chama.

Kabla ya saa sita mchana hema lilishasimama nje kwa mwenyekiti. Wanawake walifika na shuka nyeupe mabegani, wakilia. Aliyewafungulia lango ni Gashe mwenyewe, tonge la injera mkononi.

"Jirani yangu Emama Atsede alinitazama, akakaa chini," anasimulia. "Alipopata pumzi alinitukana mpaka nikaomba radhi kwa kuwa hai."

Binti wa Gashe hakuona cha kuchekesha. Alisafiri kutoka Dire Dawa akilia njia nzima, maana simu ya baba ilikuwa imezima.

"Nilimpigia magoti," anasema Lemlem. "Sijawahi kuona aibu kama ile."

Chama kilifunga tovuti, kikampa wiki nne. Amezitumia kuandika nyongeza inayoifanya programu ielewe kalenda ya Ethiopia na miezi yake kumi na mitatu. Tena sasa hakuna msiba unaotangazwa mpaka watu wawili wauthibitishe.

Anabonyeza. Simu sita zinalia kwenye benchi: mkutano ni Jumapili, na tarehe ni sahihi. Katibu anashusha pumzi.

Lemlem anapanga kuigawa nyongeza hiyo bure kwa vyama vingine vya kuzikana. "Programu yenyewe nilipewa bure. Nitauzaje kiraka chake?"

Gashe bado anaitazama simu yake.

"Lile tangazo langu ulilifuta?"

"Siku ile ile, Gashe. Nisamehe."

"Lilikuwa zuri. Uliandika kwamba sikuwahi kumwacha mtu azike peke yake." Anakohoa kidogo. "Lirudishe, ulifiche humo humo. Siku yangu ikifika, usihangaike kuandika upya."

Lemlem analirudisha kati ya matangazo ambayo hayajatoka. Mahali pa tarehe anapaacha wazi.