Neema Anaongea Lugha Yetu

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha hunirudisha Nanyala, nyuma ya nyumba ya bibi yangu, kwenye mashine ya kumenyea iliyotushinda wote kwa kelele. Wote isipokuwa Bibi.

Baba mdogo alikuwa ameoa ng'ambo ya mpaka, na siku nyingi alikuwa Tunduma kazini. Mkewe, mama mdogo Mwila, alijua Kibemba. Bibi alijua Kinyiha, na Kiswahili cha kanisani. Tena aliamini kabisa kwamba asiyekuelewa hajakusikia, basi alimpazia mkwewe sauti kana kwamba yuko bonde la pili. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kulia jikoni. Nilimpenda sana, na niliogopa angetukimbia.

Mtoto wao Neema alipoanza kubwabwaja, ugomvi ukahamia kwake. Bibi akatangaza mpaka kwa majirani kwamba mjukuu anaongea Kinyiha. Mama mdogo akaapa kwamba ni Kibemba. Mimi nilisikia ba-ba-ba tu, nikanyamaza, maana wote wawili walinipikia.

Asubuhi moja mama mdogo alifunga mzigo, akambeba Neema mgongoni, akatoka uani. Bibi akaanza kupaza sauti. Neema akachungulia begani, akamnyooshea mkono, akabwabwaja kwa kirefu, halafu akanyamaza na kumkodolea macho, akingoja jibu. Bibi akajikuta anamjibu polepole. Aliponyamaza, mama mdogo naye akaongea, machozi yakimtiririka, na kwa mara ya kwanza Bibi hakumkatiza.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Kibemba changu kilikuwa cha sokoni, lakini hilo nililipata. "Anasema amechoka kufokewa, Bibi."

"Nani kamfokea?"

"Wewe, Bibi."

Alishangaa kweli, maskini. Akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi kando yake. Mama mdogo akatua mzigo.

Siku hizi nafundisha lugha, na najua watoto wachanga duniani kote huanza na sauti zinazokaribiana kabla ya kila mmoja kuelekea kwa watu wake. Najua pia kwamba lugha hutofautiana kwa mengi, ila mazungumzo kila mahali huenda kwa zamu. Neema alikuwa ameshaijua zamu yake kabla ya neno lolote.

Bibi alipougua mara ya mwisho, mama mdogo ndiye aliyemwuguza. Kila mmoja aliongea lugha yake, kwa sauti ya chini, akamngoja mwenzake amalize.