Sauti Iliyotoka kwenye Kikasha

Mzee mmoja, jirani wa Ratih hapo Surabaya, hakuruhusu mtu aguse santuri zake. Alinawa mikono kwanza, akaikausha kwenye sarongi, shuka aliyojifunga, kisha akaitoa santuri kwa ncha za vidole, akapuliza vumbi na kushusha sindano huku amebana pumzi. Spika zake zilimfika kiunoni, na kila jioni mtaa mzima ulisikiliza keroncong, muziki wa zamani wa kwao, upende usipende. Santuri moja tu hakuwahi kuipiga mbele ya watu: ile aliyoimba marehemu mkewe enzi za usichana. "Imebaki hii moja tu duniani," alisema kwa sauti yake ya chini, "na ninayo mimi."

Siku Ratih alipomuunganishia kikasha cha kuvuta muziki mtandaoni, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kidude hiki, kama kisahani cha sabuni? Haya mwanangu, kiambie kimtafute mke wangu!" Ratih akaandika jina la marehemu kwenye simu. Spika zikanyamaza kidogo, kisha mwanamke akaanza kuimba. Mzee akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akakimbilia kabati, akalifungua. Santuri ilikuwa mle mle, ndani ya jalada lake.

"Nani kawapa?" akauliza, midomo imemkauka. "Na wengine wanamsikia?"

"Yeyote mwenye simu, Baba."

Mzee akakaa sakafuni, santuri mapajani, macho yamemtoka.

"Muda wote huu yuko nje anawaimbia watu," akasema, "na mimi nimemfungia kabatini?"