Mipira Saba ya Bi Kowalczyk

Sebuleni kwa Mzee Harlan Stubbs, mkulima wa mahindi na mfuga nguruwe wa Nebraska, palikuwa na kikombe cha yai kisichowahi kuona yai. Alikiweka kwenye rafu mwaka ule mwanawe Verlin aliposaini kucheza besiboli ya kulipwa.

"Hapa utakaa mpira wa mchezo utakaoufunga wewe," alisema. "Siku ukimtoa mpigaji wa mwisho kabisa, uchukue mpira ule uniletee."

Ikapita miaka kumi na tano. Kikombe kilipanguswa vumbi kila Jumamosi na kikabaki kitupu.

Si kwamba Verlin hakuwa na kazi. Alikuwa nayo tele, ila ilikuwa kazi ya katikati. Mchezo una duru tisa: anayeuanza anaimbwa, anayeufunga anabebwa juu juu, na huyu anayeitwa duru ya sita au ya saba kuzima moto wa wenzake, nani ana habari naye? Ndiye huyo Verlin, mrushaji wa akiba wa mkono wa kushoto. Timu tisa alizipitia. Aliuzwa, akaachwa, akaokotwa tena; mara moja alibadilishwa na mdakaji aliyevunjika kidole, na waliolalamika kupunjwa ni wale waliompata yeye! "Usinunue makochi," alimwambia mkewe Lorna tangu mwanzo, "nunua masanduku." Lorna akanunua masanduku, na mpaka leo hana kochi la maana.

Agosti ya mwaka 1987 ilimkuta Milwaukee, miaka thelathini na saba, bega likilia kama bawaba. Jumamosi kocha wa warushaji wa akiba, Pruitt, akamwita pembeni.

"Verl, Jumatatu Sandoval anatoka kwenye majeruhi. Nafasi ni moja."

"Na mimi je?"

"Mkono wako mzuri, ndugu yangu. Umri ndio mbaya."

Jioni ile alipompigia baba yake simu, akajitia kucheka. "Mzee, kile kikombe kitie yai ule zako."

"Koma wewe! Jumapili bado hujaicheza!"

Sasa, Jumapili ile mchana, kama kawaida, juu tu ya kibanda cha wachezaji, safu ya tatu, alikaa Bi Kowalczyk, mjane anayefuma soksi huku ulimi wake ukifuma watu. Mwezi wa Aprili alikuwa amempigia Verlin kelele, "Wee mashoto! Unarusha au unalisha kuku?" Verlin, alipomaliza duru yake, akamtupia mpira. "Haya, rusha wewe!" Uwanja ukacheka. Tangu siku hiyo ikawa mila: kila Verlin akimaliza duru na mpira umemkalia mkononi, humtupia bibi yule njiani akienda kukaa. Bibi alishapata sita, na yote aliibeba kwenye mkoba wa sufi kila mchezo, eti ni kinga. Ushindi haukuonekana kuijua kinga hiyo, lakini nani angethubutu kumwambia?

Duru ya tisa, timu ya Verlin ikiongoza kwa pointi moja. Mfungaji wao wa siku zote alikuwa hospitali, mkewe anajifungua. Aliyeshika zamu yake akatoa wapigaji wawili, akabakiza mmoja tu wa kumaliza mchezo, kisha akapoteza shabaha, akajaza wapinzani kwenye vituo vyote vitatu. Simu ya banda la akiba ikalia. Pruitt akaipokea, akageuka.

"Verl. Nenda kafunge."

Alitembea hadi kwenye kichuguu cha kurushia kama anayevuka tope. Ledesma, mdakaji wake, mtoto wa Texas mwenye maneno, akamkabidhi mpira. "Mzee wangu, duru ya saba tu hii. Usijitie mambo makubwa."

Ushauri mzuri, na Verlin akaushika kuliko ulivyotakiwa. Saba, akajiambia, saba tu. Mrusho wa kwanza, nje. Wa pili, mpigaji akaukata vibaya, mpira ukaruka juu kidogo ukashuka mbele ya kichuguu, na Verlin akaudaka mwenyewe kabla haujagusa chini: mpigaji ametoka. Basi. Kazi imekwisha. Akainamisha kichwa, akaelekea kukaa, na alipofika kibandani mkono ukafanya ulichozoea. Mazoea yana taabu. Mpira ukaenda safu ya tatu.

Nyuma yake Ledesma akamrukia mgongoni.

"Kuna nini?" Verlin akamaka. "Nimekosea wapi?"

"Mchezo umeisha, we kichaa! Umeufunga! Mpira uko wapi?"

Verlin akatazama mkono wake mtupu. Akapanda ukuta kwa viatu vya meno, mtu mzima yule, mbele ya watu elfu ishirini.

"Bi mkubwa, ule mpira! Naomba ule mpira!"

Lakini Bi Kowalczyk alikuwa ameruka kwa furaha, mkoba ukapinduka, na majirani walikuwa wakikusanya mipira chini ya viti, huyu akimpa yule, yule akimrudishia bibi. Saba, yote ina vumbi, yote ina makovu, yote inafanana.

"Upi, mwanangu?" bibi aliuliza, macho yamemjaa. "Siujui upi!"

Verlin akaigeuza mmoja mmoja. Naye hakuujua. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi na kulia bila aibu. Bibi akamfutia uso kwa soksi isiyokwisha, akamtwika mkoba wote. "Chukua yote. Mkoba nirudishie."

Jumatatu wakamwacha, kwa maneno mazuri na kupeana mikono. Jumanne alikuwa Nebraska, amemwaga mipira saba kwenye meza ya baba yake.

"Ni mmojawapo, Baba. Nimeuharibu mwenyewe. Nilisahau kwamba ni wa mwisho."

Mzee Harlan aliinuka, akatwaa mpira uliokuwa karibu, akauketisha kwenye kikombe cha yai. Ukakaa vizuri sana. Ile sita mingine akaipanga nyuma yake, mstari.

"Leo huu," alisema. "Kesho unaofuata. Wiki ina siku saba, mwanangu. Siku moja kila wiki nitakuwa sijakosea."

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kulisha nguruwe, mzee huubadilisha.