Mashine Ilianza na Chef

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya paa, sikupanda paa. Nililazwa chini. Contremaître, yaani msimamizi wa mafundi, mwanamume mfupi wa Kipushi mwenye sauti nene, alitufungia, isipokuwa fundi mmoja aliyebaki juu, ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Kamalondo tuliyokuwa tumemaliza kuezeka. Akaziba madirisha kwa magunia, akaniamuru nilale chali sakafuni pamoja na wenzangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na shati nililovaa mama alilipiga pasi kwa heshima ya kazi. Nikadhani wananichezea shere kwa kuwa ni mgeni.

"Angalia juu," akasema. "Ukiona nyota, sema."

"Chef, iko saa sita ya muchana."

"Njo saa ya nyota za bati. Nyamaza, lala."

Nikalala. Macho yalipozoea giza, nyota moja ikawaka upande wa mlango, kisha nyingine mbili karibu na ukuta. Kila tundu la msumari uliokaa vibaya lilipitisha nuru ya jua, na sisi tulilala chini yake kimya, watu wazima sita, kama tumesahau tulichofuata. Mwenzetu mmoja aligonga bati kwa mwanzi mrefu pale penye nyota, na fundi aliyebaki juu akafuata mlio ule na kopo lake la lami. Nyota ikazimika. Hivyo ndivyo tulivyokabidhi nyumba siku zile, na hakuna mwenye nyumba aliyepewa funguo kabla ya giza kuwa kamili. Shati langu halikufaa tena, lakini niliipenda kazi siku ileile.

Contremaître alinifundisha kwamba msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Alinifundisha panne, zile mbao zinazolala kukatiza paa na kushikilia bati, na faîtière, bati la kukunjwa linalofunika kilele pale pande mbili zinapokutana. Zaidi ya yote alinifundisha kuanza kuezeka kutoka upande ule upepo unakokwenda, ili bati linalolalia jingine liupe upepo mgongo. "Upepo iko na vidole," alisema. "Ukimuachia pa kushika, atashika." Mpaka leo nikipita mtaani nakuta macho yangu yako juu, yanatafuta bati lililowekwa kinyume, na mke wangu hunivuta mkono nisiingie mtaroni.

Baadaye nilipelekwa Kipushi kubadilisha mapaa ya nyumba za wachimbaji, mstari mmoja baada ya mwingine. Kazi ile ilichukua misimu miwili ya kiangazi. Saa ya kupumzika nilikaa kileleni, miguu huku na huku, nikitazama vilima vya upande wa Zambia vikielea kwenye vumbi. Chini watu walitembea bila sauti. Bati lilitoa milio midogo likipata joto, na mara nyingi sikujua kama nimesinzia au nawaza. Ningeweza kukaa pale maisha yangu yote, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Lakini Conducteur, mkubwa aliyesimamia viwanja vyote vya ujenzi, aliona kwamba najua hesabu. Akanishusha. Akanipa futi ya chuma, daftari na penseli, akanifundisha métré, yaani kupima paa na kuhesabu bati, mbao na misumari kabla hata ya kununua. "Weye sasa ni chef d'équipe," aliniambia, yaani kiongozi wa kikosi cha mafundi. "Nyundo, achia bengine." Nikaweka penseli sikioni, na nakiri niliringa nayo. Kwa miaka mingi nilisimama chini nikielekeza. Wa juu walikuwa Ilunga, mwembamba asiyeogopa urefu. Kasongo, fundi wa kukunja bati na kukoroma. Na Mwamba, aliyeweza kubeba ubao wa mita sita ngazini huku akiimba.

Kampuni yangu ya mwisho ilikuwa na Directrice technique, yaani mkurugenzi wa ufundi, mama kijana mwenye miwani, aliyesomea ujenzi na kutuheshimu. Ndiye aliyeleta drone, mashine ndogo ya kuruka yenye kamera, ambayo Mwamba aliibatiza nzige. Na karakana ikapata mashine nyingine inayomeza chuma bapa na kutema bati lenye urefu uleule wa paa, bila kiungo. Tulisimama mbele yake siku nzima tukiitazama. Ilikuwa nzuri, kwa kweli, na hilo ndilo lililonitisha.

Basi ukumbi wa parokia fulani huko Bel-Air ukawa unavuja. Mimi nikafanya kama nilivyofunzwa: tukafunga milango, tukaziba madirisha, tukalala chini ya madawati. Tulipata nyota sita, na Kasongo akapata usingizi. Tukaziba. Mvua ya kwanza ikaanguka, na maji yakaja palepale juu ya viti vya waimbaji. Directrice akarusha nzige. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akatuonyesha picha: faîtière ilikuwa imeinuka. Pale bati hulaliana, kwa hiyo nuru haipiti kamwe, lakini mvua inayosukumwa na upepo hupanda na kuingia, kisha hutembea juu ya panne na kudondoka mbali. Miaka yote ile tulikuwa tunatafuta kwa nuru kitu ambacho nuru haikukijua. Nzige akapima pia paa lote. Mimi nilikuwa nimelipima kwa siku mbili, na nilikosea bati tatu.

Wiki ile Directrice alitoka kwa Patron, mwenye kampuni, akaniita ofisini mwake.

"Papa Kalenga, Patron anataka kujua équipe ibakie na bantu ngapi. Minakuomba uniandikie ukweli. Kazi gani machine inaweza, na gani haiwezi? Mutu kwa mutu."

"Na nikiandika kama haiwezi hata moja?"

"Nitakuamini, papa. Njo maana ninakuuliza weye."

Angenitisha, ningejua la kufanya. Lakini alisema ataniamini. Nikaenda nyumbani na karatasi ile, nikakaa nayo uani mchana kutwa, nikijua kwamba mkate wa watu wanne uko chini ya penseli yangu.

Nilianza na Ilunga. Niliandika kwamba mapaa ya mji huu yana mbao zilizoliwa na mchwa, na Ilunga hujua kwa unyayo ubao upi utamshika. Mashine itaona kwamba ubao umeoza baada ya kuuangukia. Kasongo: kuta zetu hazikunyooka, kila nyumba imeongezwa chumba na babu, kisha na mjomba, na faîtière lazima ikunjwe palepale kwa jicho. Mwamba: bisibisi ya umeme inafunga haraka kuliko yeye, lakini haipandi ngazi peke yake. Sikudanganya. Niliandika kwamba kwenye mahangari, yale mabanda makubwa ya migodini, yaliyonyooka na mapya, siku moja mashine yenyewe italaza bati. Kwenye nyumba za watu, bado sana.

Kisha nikafika kwangu. Kupima: mashine inaweza. Kuhesabu: inaweza. Kuchora: inaweza. Kukagua: inaweza, na inanishinda. Nikageuza penseli huku na kule nikitafuta mstari mmoja wa kujitetea. Sikuupata. Niliumia, na nasema wazi kwamba nilifikiri kuongopa. Jua likahama kutoka uani, nami nikaandika jina langu mwenyewe.

Directrice alisoma, akasimama mwishoni, akavua miwani.

"Papa, hii ya mwisho ni weye."

"Njo mimi."

"Nitaipeleka kwa Patron sawa vile iko."

"Uliomba ukweli, mama."

Walinistaafisha kwa heshima, na wenzangu wote watatu wakabaki. Nilidhani watafurahi. Siku ya kuagana Ilunga alinivuta pembeni, amekasirika.

"Chef, uliandika yote, lakini ulisahau kitu moja. Nani atatushusha?"

Radi za huku kwetu zinajulikana, na mtu aliye juu ya bati anatazama mikono yake, hatazami anga. Kumbe miaka yote niliyosimama chini na penseli, nilikuwa natazama mawingu na kupiga kelele washuke. Sikuwahi kuiita kazi, ndiyo maana sikuiandika. Nilirudi kwa Directrice, naye akaniambia kwa upole kwamba simu zao zitawapa habari za hali ya hewa. Ni kweli, simu inajua. Lakini inasema kwa mji mzima, na fundi aliyebakiza bati tatu haogopi simu.

Vijana huniuliza kama kazi ya paa itaisha. Nawaambia tu kilichonipata: mashine ilianza na mimi niliyekuwa nimeshashuka. Nawaambia pia waandike kila wanachofanya, hata kile wanachokiona cha bure.

Mwanzo wa msimu huu wa mvua, saa nane mchana, nilikuwa nusu usingizini kitini simu ilipolia.

"Chef," akasema Ilunga, na nikasikia bati likilia chini yake. "Tuko hapa Kampemba, nyuma ya kwako. Mawingu iko namna gani?"

Nikatoka na ndala. Upande wa Kipushi anga ilikuwa nyeusi mpaka chini.

"Mushuke."

"Tumebakiza bati mbili tu, chef."

"Ilunga! Nimesema mushuke, bote!"

Sikukata simu. Nikasikia miguu ya mtu mmoja kwenye ngazi, ya wa pili, kisha ya Mwamba, ambaye safari hii hakuimba.

"Tuko chini," akasema Ilunga.

Ndipo nami nikaingia ndani.