Sauti ya Tanzia

Pemba nzima inamjua Ngwali Othman, lakini sokoni Chake Chake watu wanampita kama hawamwoni mpaka aulize bei ya muhogo. Akishafungua mdomo, muuza muhogo anaweka kisu chini na kuuliza, "Nani tena leo, Mzee Ngwali?" Kwa sababu kazi ya Ngwali, katika redio ndogo ya jamii iliyoko pale mjini, ni kutangaza waliokufa.

Usidhani ni kazi ya kudharauliwa. Kisiwani humu akifa mtu asubuhi, alasiri anazikwa, na kati ya hapo jamaa waliotawanyika kaskazini na kusini wanatakiwa wajue. Simu zipo, lakini mfiwa gani atapiga simu kwa ukoo mzima huku analia? Humpigia Ngwali. Naye anasoma jina la marehemu, ni mtoto wa nani, mzazi wa nani, maziko wapi na baada ya swala gani, taratibu, bila haraka na bila kulia. Akimaliza, wanaume wanaacha majembe na wanawake wanajitanda kanga na kutoka. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni kweli. Ngwali ni mwandishi wa habari kamili, anaripoti bei za karafuu, vikao vya skuli na barabara zilizokatika, na habari zake hizo watu huzisikiliza huku wanapiga soga. Ikija tanzia, kimya. Alikuwa akijivunia kuaminiwa huko, ingawa hakulisema, maana mtu atajivunia vipi misiba ya wenzake?

Mwaka jana yakaja mafunzo ya kidijitali kwa waandishi walio kazini. Yalifanyika Tibirinzi, katika ukumbi wa kukodi wenye feni moja inayozunguka na nyingine inayotazama tu, na ada yake ilikuwa ndogo makusudi, ili hata mwandishi wa redio isiyolipa aimudu. Suhail, mkuu wa kituo, kijana ambaye Ngwali mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kinasa sauti, akamwambia, "Mzee Ngwali, safari hii hukwepi." Ngwali alikwenda amenuna. Kufikia siku ya pili alikuwa anawahi kuliko wote.

Ukweli usemwe, aliyafurahia. Mwalimu alikuwa binti wa Unguja, jina lake Nusaiba, mpole, asiyemcheka mtu. Ngwali alijifunza kukata sauti kwenye simu, kuondoa upepo na majogoo nyuma ya mazungumzo, na kuzipeleka habari kwenye makundi ya WhatsApp, ambako vijana wamehamia siku hizi. Alirudi nyumbani akamrekodi mkewe anaongea, akamfutia sauti ya jogoo wao wenyewe, na mkewe akamuuliza kama alikwenda kusoma au kucheza.

Siku ya mwisho Nusaiba akaonesha programu inayojifunza sauti ya mtu. Uisomee kidogo, alisema, kisha utaiandikia maneno nayo itayasema kama wewe, hata ukiwa umelala. Inamfaa mtangazaji aliyeugua koo. Ina hatari zake pia, na hizo watazijadili mchana. Akauliza nani ana sauti safi, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Ngwali.

Angeweza kusoma bei za karafuu. Angeweza kusoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Lakini mtu akiambiwa atoe sauti yake hutoa iliyo bora, na iliyo bora ya Ngwali ni moja. Akashika maiki, akasoma tanzia ndefu ya marehemu wa kubuni, na watoto wa kubuni, na maziko ya kubuni, kwa ile namna yake ya kushuka akifika kwenye jina na kunyamaza kidogo. Nusaiba akaandika mstari mmoja, akabonyeza, na Ngwali akajisikia akitangaza kifo cha Nusaiba. Watu wakapiga makofi. Ngwali naye akapiga, mjinga wa Mungu. Kisha sauti ile ikatumwa kwenye kundi la washiriki, kila mmoja akajizoeze nayo nyumbani. Mchana ikanyesha mvua, umeme ukakatika, na mjadala wa hatari ukaahirishwa mpaka mafunzo mengine.

Haukupita mwezi, simu za mjini zikamtangaza Mzee Fidahussein, mwenye duka la vitambaa, kwamba amefariki alfajiri. Ngwali aliisikia kwenye simu ya jirani yake, kwa sauti yake mwenyewe, na kabla hajafikiri alikwishasema inna lillahi. Alipofika dukani akakuta viatu vimejaa mlangoni, akina mama wanalia, na marehemu amekaa kwenye kiti chake, mkanda wa kupimia shingoni.

"Ngwali," akasema Fidahussein, "nimekufa lini?"

"Si mie, Mzee Fida."

"Nshakusikia mara tatu. Weye yule."

"Sauti yangu, lakini si mie nliosema."

Mzee akauvua mkanda wa kupimia shingoni. "Yakhe, hebu nambie. Mtu na sauti yake hutengana vipi?"

Ngwali akajaribu kueleza habari za kompyuta na programu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama anasema uongo, naye anasema kweli tupu. Watu wakavaa viatu, wengine wakicheka, wengine wamekasirika kwa safari waliyoifanya. Yeye ndiye waliyemkasirikia, maana kompyuta haina uso wa kutazamwa vibaya.

Tanzia ya pili ya uongo ilikuwa mzaha, ya mbuzi wa mtu. Ya tatu haikuwa mzaha tena, alitajwa bibi harusi wa Wete, mama yake akazimia. Ngwali akampigia Nusaiba. Binti wa watu alilia kwenye simu, akaomba radhi kama anamuomba baba yake, akasema, "Kwangu nimeshaifuta, Mzee wangu. Kwa wengine sina uwezo." Ngwali akawauliza wenziwe wa mafunzo, na kila mmoja akaapa si yeye. Huenda wote walisema kweli, maana mmoja alimpelekea mdogo wake acheke, na mdogo wake naye ana marafiki. Akaenda polisi kushitaki, akasikilizwa kwa heshima, akaulizwa anamshitaki nani. Hakuwa na jina la kutaja, akarudi nyumbani.

Ikabaki akili yake. Akatangaza redioni kwamba tanzia ya kweli, tangu leo, itamalizia kwa maneno "nami nimethibitisha kwa wafiwa wenyewe". Magharibi haijaingia, ikaja tanzia ya paka wa sokoni, imemalizia hivyo hivyo, neno kwa neno. Ngwali alicheka kwanza. Kisha akaenda kukaa barazani kwake na hakujua mikono yake aiweke wapi. Alijiona kama mtu aliyeibiwa, akakutana na mwizi njiani kavaa kanzu yake, na kila anayepita anamwamkia mwizi.

Suhail alijaribu kumpumzisha, akamweka msichana wa kituoni asome tanzia. Wafiwa wakakataa, hawamjui. Wanamtaka Ngwali, na wakimpata hawamwamini. Sasa kila akimaliza kusoma, simu ya kituo inaita.

"Mzee Ngwali, ni weye?"

"Ni mie."

"Ni weye kweli?"

Na kwenye simu angewaonesha nini zaidi ya sauti ile ile?

Bi Tatu alifariki mwezi wa Shaaban, asubuhi, kwake Gando. Alikuwa dada yake Ngwali, mkubwa kwake, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, akamwogesha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamchapa alipotoroka. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Jabir, anayefanya kazi za msitu huko Makangale. Ngwali alipopata habari alimpigia Jabir, simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Gando wakamtafuta mwenye bodaboda aende kumchukua, na Ngwali akaenda kituoni.

"Ntakusomea mie, Mzee," akasema Suhail. "Usijitese."

"Dada'angu ntamsoma mwenyewe."

Akakaa mbele ya maiki. Alianza vizuri. Alipofika kwenye jina akashuka kama kawaida yake, akanyamaza kidogo, na sauti haikurudi. Iliporudi ilikuwa inatetemeka, imevunjika vipande, na yale maneno ya mwisho, maziko baada ya alasiri, aliyasema analia waziwazi, mara ya kwanza katika umri wake wote wa kazi. Suhail akafunga maiki, akaipeleka tanzia kwenye makundi kama ilivyo, maana hakuwa na roho ya kumwambia arudie.

Ngwali alipofika Gando akakuta watu wachache. Kwa Bi Tatu, aliyekuwa hakosi msiba wa mtu, zamani barabara ingejaa. Walikuja majirani waliokiona kifo kwa macho yao, na wazee wa msikitini. Simu ya Ngwali ikaita mara nyingi njiani, watu wakimuuliza kama ni kweli, akawajibu wote ni kweli, na wengine akawasikia wanapumua upande wa pili, wanaipima sauti. Jabir hajafika. Alasiri ikaswaliwa. Ngwali akawaomba wazee wangoje mpaka magharibi.

"Maiti hacheleweshwi, Ngwali, unajua," akamwambia imamu, kwa upole. "Mtoto angekuwa yuaja angeshafika."

Alijua. Akashuka kaburini yeye mwenyewe, akampokea dada yake, mwepesi kuliko alivyodhani, akamlaza kwa ubavu wa kulia, na udongo ukarudishwa.

Jabir alifika watu wanaosha mikono. Alishuka kwenye bodaboda na nguo za kazi, akatazama viatu vilivyo mlangoni, akatazama matope kwenye miguu ya mjomba wake, akaelewa. Hakulia mara ile. Alikuja akasimama mbele ya Ngwali kama mtu aliyekosea nyumba.

"Simu yangu ilizima chaji," akasema. "Lakini nliisikia, mjomba. Mwenzangu ilimfikia mapema, kabla ya adhuhuri, akanisikilizisha. Nkacheka. Nkasema, leo wamemuua mama'ngu."

Ngwali akamsogelea.

"Ilikuwa inalia. Nkawambia wenzangu, hii wameikosea, mjomba wangu halii akisoma. Wakakubali, tukarudi kazini. Yuno wa bodaboda kanitafuta msituni mpaka karibu ya alasiri, kanikuta nna panga mkononi, na yeye nkabishana naye." Akayatazama tena matope ya miguuni mwa mjomba wake. "Ningeondoka palepale ningemuwahi."

"Ungemuwahi," akasema Ngwali, maana hakuona faida ya kumdanganya.

Watu walikuwa wamejitenga kidogo, kila mtu akitazama chini. Hapakuwa na neno ambalo Ngwali angeweza kulisema likamrudisha Jabir Makangale asubuhi ile, akaamini. Na mtoto bado alikuwa amesimama, kwenye uso wake kuna kipande kidogo kilichokuwa hakijakubali.

"Nambie weye mwenyewe," akasema Jabir. "Sijaambiwa na mtu wa kwetu bado. Nambie, mjomba."

Ngwali akafungua mdomo, kilio kikamtangulia, na akaona jinsi uso wa kijana ulivyorudi nyuma. Akakifunga. Akajifuta macho kwa ukingo wa kanzu, akashusha pumzi, akaiweka sauti yake sawa kama anavyoiweka mbele ya maiki, kavu, taratibu, ile ambayo kila mwenye simu anayo. Akamwambia kwamba Tatu binti Othman, mama yake Jabir, amefariki dunia leo asubuhi nyumbani kwake Gando, na amekwishazikwa. Alimwambia mpaka mwisho bila kutetemeka, na muda wote ule Jabir alikuwa akimtazama midomo, kuona kama inakwenda pamoja na maneno.